UZI: Alamisho mia tisa na jibu hakuna: namna ninavyopanga utafiti wa vyombo vya Lamu kwa lebo na hashia

#1 Kidaka cha Langoni

Assalaam alaikum, ndugu zangu wanajukwaa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Amu, mtaa wa Langoni, na kwa miaka mitatu sasa ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu vyombo vya kushonwa vya visiwa vyetu, yaani vyombo vya baharini ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba, hasa mtepe. Uzi huu umezaliwa na swali moja dogo lililonitia aibu. Msimamizi wangu aliniuliza kwa simu: "Pale uliposema tanga la mtepe lilikuwa la mkeka, umelitoa wapi?" Nilijua nimelisoma, na nilikumbuka hata rangi ya ukurasa wenyewe. Nikafungua kivinjari, nikakuta alamisho (viungo vya kurasa nilizozihifadhi) zaidi ya mia tisa katika folda iitwayo "Utafiti", nyingine katika "Utafiti 2", na nyingine tena katika "Soma baadaye", folda ambayo kwa kweli ni kaburi. Usiku wa pili nilikipata kiungo. Nilipokibonyeza, ukurasa haukuwapo tena.

Tangu siku ile nimebadili namna ya kufanya kazi, na ningependa kueleza niliyojifunza, kisha mnikosoe. Dai langu ni kwamba kuhifadhi kiungo si kusoma, na kupaka rangi maneno ya mtu si kuyafikiri. Alamisho isiyobeba neno lako mwenyewe ni furushi la mtu mwingine ulilokubali kulitunza bila kuuliza ndani mna nini.

Waliosoma chuoni, yaani madrasa, watalikumbuka umbo la vile vitabu vya zamani: matini katikati, sharhi, yaani ufafanuzi wake, ikiizunguka, na pembeni kabisa hashia, maneno madogomadogo yaliyopindishwa ili yaenee penye nafasi. Mwenye kuandika hashia hakuandika "vizuri" wala "muhimu". Aliandika kwamba neno hili lina maana nyingine, au kwamba kauli hii inapingana na ile ya fulani, au kwamba nakala nyingine inasoma hivi. Miaka mingi baadaye, mtu mwingine aliyekifungua kitabu kilekile alikuta mazungumzo yanaendelea. Nilipoanza kutumia zana za mtandaoni nilidhani nimekutana na jambo jipya, kumbe nilikuwa nimerudi chuoni kwa mlango wa nyuma.

Nianze na lebo, kwa kuwa ndiko nilikopoteza muda mwingi zaidi. Mwaka 2003 Joshua Schachter alipoanzisha Delicious, huduma ya kuhifadhi alamisho, jambo kubwa halikuwa kwamba alamisho zilihama kutoka kompyuta ya mtu zikakaa mtandaoni; jambo kubwa lilikuwa kwamba mtu aliweza kuipachika alamisho moja lebo nyingi za maneno yake mwenyewe. Wenye nyumba za mawe mtanielewa upesi. Folda ni kidaka ukutani: kikombe kilichowekwa katika kidaka cha juu hakiwezi kuwa katika cha chini wakati huohuo. Sasa makala inayoeleza boriti za mikandaa zilizosafirishwa kwa jahazi kutoka Lamu hadi Uarabuni uiweke wapi? Katika biashara, katika miti, au katika vyombo? Ukiiweka katika kidaka kimoja, siku utakapoitafuta utakuwa umesimama mbele ya kingine. Lebo huondoa tatizo hilo, kwani makala hubaki moja na huitikia majina yote matatu.

Hata hivyo lebo zina mtego wake, na mtego huu unatuhusu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili kuliko unavyowahusu waliozitengeneza programu hizi. Kiingereza huonyesha wingi mwishoni mwa neno, kwa hiyo umoja na wingi hukaa jirani katika orodha ya alfabeti. Sisi hubadilisha mwanzo. "Chombo" na "vyombo" hutenganishwa na karibu alfabeti nzima, na "jahazi" na "majahazi" hazionani kabisa. Ukianza kuandika "vyo", programu haitakukumbusha kwamba mwezi uliopita uliandika "chombo". Nilipozipitia lebo zangu za mwaka wa kwanza nilikuta mtepe, mitepe, mtepe wa Bajuni, chombo cha kushonwa, na vyombo vya kushonwa, kila moja ikiwa na makala zake chache, kana kwamba watu watano tofauti walikuwa wakitafiti humo ndani bila kusalimiana.

Majina ya mahali ndiyo balaa kubwa zaidi. Sisi wenyewe husema Amu na kuandika Lamu. Nyaraka za Waingereza zina Patta kwa Pate na Shella kwa Shela. Siyu utaikuta Siyu na utaikuta Siu. Mashine haijui kwamba ni mji uleule.

Dawa niliyoipata ni ya kizamani: daftari la ukurasa mmoja lenye lebo nilizoziruhusu. Zote ni za umoja, na zote huanza na neno linaloeleza aina yake, kwa mfano chombo-mtepe, chombo-jahazi, mahali-pate, mahali-siyu, sehemu-tanga, sehemu-omo (omo ni sehemu ya mbele ya chombo), hali-sijasoma. Kwa kuwa neno la mwanzo halibadiliki, vyombo vyote hukaa pamoja na mahali pote hukaa pamoja, na ngeli haziwezi tena kunitawanyia mali yangu. Lebo mpya haiingii mpaka iandikwe kwanza katika daftari. Zilikuwa mia mbili na kitu. Sasa hazifiki hamsini.

Kanuni ya pili ni sentensi moja. Kila alamisho ina nafasi ya maelezo ambayo wengi wetu huiacha tupu au tunaijaza maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wenyewe. Mimi huandika sentensi moja ya Kiswahili, yangu, inayojibu swali hili: kitu hiki kinajibu nini katika tasnifu yangu? Nikishindwa kuiandika, siihifadhi. Kwa kanuni hii peke yake nimeacha kuhifadhi karibu nusu ya ninayokutana nayo, na sijapata kuyajutia.

Kanuni ya tatu ni hashia yenyewe, yaani maandishi yanayokaa juu ya ukurasa, palepale penye neno linalokuhusu. Diigo imeruhusu jambo hili tangu mwaka 2006. Ninayoitumia zaidi ni Hypothesis, iliyoanzishwa mwaka 2011, kwa sababu ni bure na inafuata kanuni za wazi za hashia za mtandaoni ambazo W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, lilizipitisha Februari 2017. Ukichagua maneno, programu hukumbuka maneno yenyewe pamoja na herufi chache zilizotangulia na zilizofuata, kisha hutumia kumbukumbu hiyo kupatafuta mahali hapo ukurasa ukifunguliwa tena. Mwenye tovuti akiyabadilisha maneno yale, hashia yako haifutiki, bali huwekwa kando miongoni mwa zile zinazoitwa yatima. Nimekuwa nikiwatazama yatima wangu kwa makini, kwani mara nyingi ndio wanaonijulisha kwamba mwandishi amerekebisha kauli yake.

Makala na vitabu vya PDF navitunza katika Zotero, iliyotoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Tangu toleo la 6 la mwaka 2022 inafungua PDF ndani yake, unapigia mstari, unaandika pembeni, kisha kwa amri moja inazikusanya hashia zako zote katika waraka mmoja, kila moja ikiwa na nambari ya ukurasa wake. Laiti ningekuwa na waraka wa namna hiyo siku ile niliyopigiwa simu.

Nisiwachoshe. Nani anafanya vinginevyo?

#2 Bintimjomba wa Malindi

Waalaikum salaam, mwalimu wangu. Nimesoma yote na nimejiona mimi mwenyewe katika lile kaburi la "Soma baadaye". Ila mimi sina kompyuta. Nasomea diploma, na utafiti wangu wote naufanya kwa simu na kwa bando. Ninachofanya ni kujitumia viungo kwa WhatsApp, katika kundi ambalo mwanachama ni mimi peke yangu. Je, hiyo nayo ni njia, au nacheza?

#3 Kidaka cha Langoni

Dada yangu, hiyo ni njia, na ni bora kuliko zile folda zangu, kwa kuwa angalau viungo vyako vimepangwa kwa tarehe. Kasoro yake ni kwamba kiungo kilichotumwa peke yake hakitafutiki. Lakini ukituma kiungo, kisha katika ujumbe huohuo ukaandika lebo na ile sentensi moja, basi kitafutio cha WhatsApp kitakuletea kila kitu chenye lebo hiyo kwa sekunde moja. Hutahitaji programu nyingine mpaka viungo viwe vingi sana.

Siku vitakapokuwa vingi, jaribu Raindrop.io, ambayo hukubali alamisho bila kikomo hata kwa asiyelipa, na ambayo ukishaiweka katika simu hujitokeza pale unapobonyeza kitufe cha kushiriki. Zotero nayo sasa ina programu ya simu, ya iPhone na ya Android. Kuhusu bando, nakushauri uchague na kuhifadhi ukiwa njiani, na upakue PDF ukifika mahali penye mtandao wa bure. Mimi mwenyewe huzipakua shuleni saa za mapumziko, kisha usiku nazisoma nyumbani bila mtandao, na hashia zangu hupanda wingu asubuhi nikirudi. Hata umeme ukikatika, nasoma mpaka betri inifukuze.

#4 Mzee wa Daftari

Mwanangu Kidaka, umeandika vizuri na Kiswahili chako kimenifurahisha, lakini niruhusu nikupinge kidogo, kwani mimi nimefanya kazi ya kukusanya habari za wazee tangu kabla ya intaneti kufika huku kwetu.

Hiyo Delicious unayoisifu iko wapi leo? Yahoo waliinunua mwaka 2005, wakaichoka, ikauzwa mwaka 2011, ikauzwa tena, na mwaka 2017 aliyeinunua mara ya mwisho akaifunga milango, watu wakawa wanaweza kutazama tu bila kuongeza kitu. Google nao walikuwa na huduma yao ya alamisho, wakaifunga Septemba 2021. Pocket, ambayo vijana wengi walikuwa wakiitumia, Mozilla waliifunga Julai 2025. Nayo ile Ma.gnolia ndiyo msiba hasa: Januari 2009 hifadhidata yao iliharibika na alamisho za watu zikapotea. Hata Maktaba ya Uingereza, na ukubwa wake wote, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni Oktoba 2023, na katalogi yake kuu haikurudi mtandaoni mpaka Januari 2024.

Mimi nina madaftari kumi na saba. Yamelowa mvua, yameliwa na mchwa kidogo, lakini hayajapata kuuzwa kwa kampuni nyingine wala hayajanidai neno siri. Unaponiambia niweke hashia zangu katika mashine ya mtu nisiyemjua, aliye ng'ambo, ambaye kesho akifilisika ataniandikia barua ya kunishukuru kwa kuwa mteja mwema, nasita.

#5 Kidaka cha Langoni

Shikamoo mzee wangu.

Sina budi kukubali sehemu kubwa ya uliyosema, na pengine nilipaswa kuiweka mwanzoni kabisa. Huduma hizi hufa. Nyingine hufa kwa taarifa, nyingine ghafla, na mwenye kuzitumia bila kutoa nakala ni kama nahodha aliyetia nanga kwa kamba asiyoikagua.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya zana na zana, nayo ni kama unaweza kuondoka na mali yako. Karibu kila huduma ya alamisho inaweza kukupa faili moja la HTML lenye viungo vyako vyote, katika muundo uliorithiwa kutoka kivinjari cha zamani cha Netscape, na karibu kila huduma nyingine inaweza kulipokea faili hilo. Mimi hutoa nakala kila mwisho wa mwezi, naiweka katika flash, na flash inakaa kwa dada yangu Mokowe, ng'ambo ya maji, ili moto au mvua isituangamize sote pamoja. Zotero kwa asili yake huweka kila kitu katika kompyuta yako kwanza, na wingu ni nakala tu. Wakifunga leo, maktaba yangu inabaki hapa mezani.

Lakini niwaonye juu ya jambo moja ambalo lilinigharimu. Hashia unazoandika katika PDF ndani ya Zotero hazikai ndani ya faili lenyewe. Hukaa katika hifadhidata ya programu. Nilimpa mwenzangu faili la makala niliyoisherehesha kwa wiki mbili, nikilinakili moja kwa moja kutoka kwenye folda, naye akaniuliza mbona safi. Ukitaka hashia ziandamane na faili, lazima utumie amri ya kulitoa PDF pamoja na hashia zake. Aliyeniuliza mbona safi alidhani namtania.

Kuhusu kurasa zinazokufa, kama ile ya kwangu, sasa kila ninapohifadhi ukurasa wa maana huupeleka pia katika Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo hupiga nakala ya ukurasa na kuipa anwani yake yenye tarehe. Nanukuu anwani zote mbili katika tasnifu. Haifanyi kazi kwa kurasa zinazotaka kuingia kwa akaunti, na utaniambia kwamba hao nao walishambuliwa Oktoba 2024 wakazimika kwa siku kadhaa, na utakuwa umesema kweli. Ndiyo maana Zotero nayo nimeiagiza ihifadhi picha ya ukurasa mzima katika kompyuta yangu.

Madaftari yako kumi na saba, mzee, ndiyo yananitia hofu kuliko Delicious. Yana nakala ngapi?

#6 Mzee wa Daftari

Moja moja. Umenishika.

#7 Mshona Makumbi

Mwalimu, mimi nashughulika na miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na swali langu ni tofauti kidogo. Miswada mingi ya Msikiti wa Riyadha wa hapo kwenu ilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kumbukumbu zilizo hatarini, na chuo cha SOAS kule London wana mkusanyo wao mkubwa wa miswada ya Kiswahili. Lakini picha ni picha. Nikijaribu kuchagua mstari ili niandike hashia, programu haioni maneno, inaona wino tu. Mnafanyaje?

#8 Kidaka cha Langoni

Shekhe, hapo Hypothesis haijanifaa, kwa kuwa inategemea maneno yanayochaguliwa. Kinachofanya kazi kwangu ni kuzikusanya picha katika PDF, kuifungua ndani ya Zotero, na kutumia kile chombo cha kuchagua eneo: unachora mstatili kuzunguka ubeti, kisha unaandika hashia ya mstatili huo. Baadaye, ukikusanya hashia, kipande cha picha kinatoka pamoja na maneno yako, kwa hiyo msomaji anauona mwandiko na usomaji wako bega kwa bega.

Ila jihadhari na ukubwa. Zotero hutoa megabaiti 300 tu za bure kwa mafaili, na miswada ya picha hulijaza eneo hilo kabla hujafika nusu ya utenzi. Mimi nimezima usawazishaji wa mafaili na kuacha wa kumbukumbu peke yake. Kumbukumbu na hashia hazihesabiwi katika hizo megabaiti 300, na mafaili makubwa yanakaa katika diski ya nje.

Jambo la pili, ambalo wewe walijua kuliko mimi: uandike usomaji wako kwa tahajia mbili. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa kwetu, haziipi kila sauti ya Kiswahili alama yake, basi neno moja laweza kusomwa kwa njia mbili au tatu. Andika neno kama lilivyo katika Kiamu, kisha kando yake Kiswahili sanifu. Ukiandika "nti" pekee, siku utakapotafuta "nchi" hutakiona ulichokisoma, na tatizo letu la Shela na Shella litakuwa limeingia mpaka ndani ya ubeti.

#9 Bahari ya Shela

Mmesahau jambo moja ambalo kwangu ndilo la kwanza, nalo ni nani anayeona hashia zako.

Nilipoanza kutumia Hypothesis sikujua kwamba usipochagua vinginevyo, unachoandika ni cha umma. Nilikuwa nasoma makala ya mtu kuhusu wavuvi wa huku, nikakasirika, nikaandika pembeni maneno ambayo ningeyasema barazani mbele ya watu watatu ninaowaamini. Wiki kadhaa baadaye mtu nisiyemjua akanijibu chini ya maneno yaleyale, kwa adabu kunizidi mimi. Sikulala. Kosa lilikuwa langu, kwani kitufe kipo, na juu yake pameandikwa wazi; lakini mkono ulizoea daftari, na daftari halina wasomaji.

Linalonisumbua zaidi ni la mafundi. Katika utafiti wangu nimezungumza na wazee wanaounda vyombo Matondoni, na baadhi waliniambia habari za ukoo wao na za bei kwa sharti zisitoke. Mtafiti akiweka hashia kwenye makala ya umma na kuandika "fulani bin fulani wa Matondoni aliniambia kwamba hili si kweli", amemtoa mtu yule barazani na kumpeleka ulimwenguni bila idhini yake. Hashia za umma katika Hypothesis huwekwa chini ya leseni inayowaruhusu watu wote kuzitumia wapendavyo, kwa hiyo hata ukifuta, huwezi kujua nani alikwisha kuzinakili.

#10 Kidaka cha Langoni

Ahsante sana, dada. Hili sikuwa nimelieleza, na ni aibu yangu.

Mimi nimefungua kundi la faragha la mtu mmoja, ambalo ndilo linalofunguka kwanza ninapoanza kazi, na cha umma nakipeleka kwa kukusudia. Habari za wazee haziingii mtandaoni kwa namna yoyote. Kila mzee nimempa herufi na nambari, na orodha inayounganisha nambari na jina iko katika karatasi, sandukuni. Hapo mzee wetu wa madaftari anashinda bila ubishi.

#11 Mkunguni

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Sisi watatu tunaandika pamoja kuhusu vyombo vya pwani, mmoja yuko Malindi na wawili Lamu, na tumefungua maktaba ya pamoja katika Zotero. Tumekubaliana na mtindo wako wa lebo za umoja zenye neno la mwanzo. Tumekwama mahali pamoja tu: wewe unatumia "chombo-mtepe" kwa vyombo vyote vya kushonwa. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba mtepe na dau la mtepe ni vyombo viwili, na kwamba kuvitia katika lebo moja ni kuharibu ushahidi kabla haujasomwa. James Hornell alipoandika kuhusu vyombo hivi mwaka 1941 alivitaja mtepe na dau kila kimoja kwa jina lake. Wewe una hoja gani ya kuviunganisha?

#12 Kidaka cha Langoni

Kusema kweli, sina hoja. Nilipopunguza lebo kutoka mia mbili nilikuwa na haraka, nikaviunganisha kwa sababu vyote vilishonwa kwa kamba ya makumbi na vyote vilitajwa katika kurasa zilezile. Sikujiuliza kama waandishi wa kurasa hizo nao walikuwa na haraka. Nipeni siku mbili.

#13 Mshona Makumbi

Tafadhali usivitenganishe kwa jina pekee. Baadhi ya wageni waliandika "dhow" kwa kila kilichoelea, na wengine waliita mtepe kila walichokiona kimeshonwa. Tazama umbo. Penye maelezo ya omo iliyofananishwa na shingo na kichwa cha ngamia, huo ni mtepe bila shaka. Pasipo na maelezo ya omo, iwepo lebo ya tatu ya kusema kwamba haijulikani, kuliko kukisia.

#14 Kidaka cha Langoni

Nimerudi, na siku mbili zimekuwa tano.

Nimezipitia hashia zote zilizokuwa chini ya "chombo-mtepe", moja baada ya nyingine, nikirudi katika kila ukurasa na kusoma maneno yenyewe. Sasa nina chombo-mtepe, chombo-dau-la-mtepe, na chombo-cha-kushonwa kwa zile zisizosema. Hii ya tatu ndiyo iliyonenepa kuliko zote, jambo ambalo sikulitarajia: vyanzo vingi nilivyokuwa nikivinukuu kwa ujasiri kuhusu mtepe havikutaja umbo lolote, bali vilisema tu kwamba chombo kilishonwa, kama lile andiko la Kigiriki la karne ya kwanza linavyosema kuhusu vyombo vya Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, bila kutuachia picha ya omo wala ya tezi, yaani sehemu ya nyuma.

Na ile kauli ya tanga la mkeka, iliyoanzisha habari hii yote, nimeifuatilia mpaka kwenye chanzo chake, kwa kuwa ile sentensi moja niliyoiandika baadaye ilinielekeza makala nyingine iliyoinukuu. Kauli yenyewe ni sahihi. Lakini aya niliyoijengea hoja yangu, ile ya ukubwa wa tanga na urefu wa mlingoti, ilikuwa inaeleza dau la mtepe, nami nimeitumia kwa mtepe katika sura ya tatu, ambayo msimamizi amekuwa nayo tangu mwezi uliopita.

Mkunguni, mwambie mwenzenu kwamba amenipa kazi ya wiki mbili na kwamba namshukuru. Ningeomba mnialike katika ile maktaba yenu ya pamoja, niwapakilie hashia za lebo zote tatu mzikague kabla sijampigia simu msimamizi wangu Jumatatu.